Ignatius Musazi: alianza na pamba, akaishia kuunda chama

Ikiwa unaishi Kampala, kuna uwezekano mkubwa kwamba unapita Mengo mara kwa mara. Unakwenda hospitali, unashuka Katwe kutafuta kazi ya siku, au unavuka tu kuelekea Rubaga. Pengine umewahi kusimama karibu na ukuta mrefu wa Lubiri, ikulu ya Kabaka wa Buganda, ukisubiri boda. Mahali hapo, mwezi wa Aprili 1949, maelfu ya watu walikusanyika kwa siku kadhaa wakidai mambo mawili: wauze pamba yao wenyewe, na wachague machifu wao wenyewe. Wengi wao walikuwa wafuasi wa umoja wa wakulima ulioongozwa na Ignatius Kangave Musazi. Miaka mitatu baadaye Musazi alianzisha Uganda National Congress, chama cha kwanza cha siasa kilichokusudiwa kuwa cha Uganda nzima.

Watoto wanaosoma hapa Uganda hukutana na jina lake katika masomo ya historia. Wewe uliyefika nchini ukiwa mtu mzima huenda hujawahi kulisikia. Tumeamua kukueleza maisha yake kwa sababu maswali yaliyomsumbua bado yanaulizwa katika makazi ya wakimbizi na katika vijiji vilivyo jirani. Nani anapima mazao yako? Nani anapanga bei? Na ukiona umeonewa, unaanzia wapi?

Msomi aliyekataa njia rahisi

Musazi alizaliwa mwaka 1905 katika saza la Bulemezi, kaskazini mwa Kampala, upande wa Wobulenzi. Alisoma King's College Budo, shule iliyolea watoto wa wakubwa wa Buganda, kisha akaenda Uingereza kusomea theolojia. Ilitarajiwa arudi awe kasisi wa Kanisa la Kianglikana. Alirudi, lakini ukasisi hakuupokea. Akawa mwalimu.

Katika miaka ile, Mwafrika aliyesoma Ulaya alihesabika kwa vidole. Angetulia tu, angepewa kazi nzuri katika serikali ya Kabaka pale Mengo, na huenda angekuwa chifu. Ili uelewe alichokiacha, elewa kwanza chifu alikuwa nani. Kwa Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900, Waingereza na wakubwa wa Mengo waligawana madaraka. Machifu walipata ardhi kubwa inayoitwa mailo. Walikusanya kodi, walisikiliza kesi, na waliteuliwa kutoka juu. Mwanakijiji hakuwa na njia ya kumwondoa chifu mbaya. Aliweza kunung'unika tu, au kuhama.

Mwaka 1938 Musazi alikuwa miongoni mwa walioanzisha kikundi kilichoitwa Abaana ba Kintu, yaani watoto wa Kintu, babu wa Waganda katika masimulizi yao. Kikundi hicho kilitaka kumng'oa Katikiro, waziri mkuu wa Mengo, na wenzake waliokaa madarakani muda mrefu. Mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1930 alijihusisha pia na chama cha madereva. Usione ajabu msomi wa theolojia kukaa na madereva. Dereva wa lori alifika kila kona, alijua bei za kila soko, na habari aliyoichukua Kampala asubuhi ilikuwa imefika Masaka au Mubende kabla ya jua kuzama. Sisi tunaofanya kazi ya kupasha watu habari tunaelewa thamani ya mtu kama huyo.

Mwezi wa Januari 1945 migomo ilizuka Kampala na miji mingine. Vita vya dunia vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu isipokuwa mshahara. Mweka hazina wa Mengo, Serwano Kulubya, alilazimika kujiuzulu. Mwezi wa Septemba mwaka huo Katikiro Martin Luther Nsibirwa aliuawa kwa risasi mlangoni mwa kanisa kuu la Namirembe, kilima cha jirani na Mengo. Kuanzia hapo, kila mkutano wa hadhara ulionekana na serikali kama mwanzo wa fujo.

Pamba na mizani

Mkulima yeyote anayesoma makala hii asome sehemu hii polepole.

Pamba inapotoka shambani ina mbegu ndani. Thamani yake kamili huonekana baada ya kuchambuliwa, nyuzi zikiwa upande mmoja na mbegu upande mwingine, kwa sababu mbegu nazo zina mafuta na zinauzwa. Mwenye kinu cha kuchambua ndiye anayejua mzigo wako ulitoa nini. Katika Uganda ya wakati ule vinu karibu vyote vilikuwa mikononi mwa makampuni ya Wahindi na Wazungu, na mfumo wa leseni ulimfungia Mwafrika nje. Bei ilipangwa na serikali kila msimu. Wakati wa vita na baada yake, pamba ya Uganda iliuzwa nje kwa bei kubwa kuliko ile aliyolipwa mkulima, na tofauti ikawekwa katika mfuko wa serikali. Serikali ilisema fedha hizo ni akiba ya kumkinga mkulima siku bei itakapoanguka. Mkulima aliona jasho lake limewekwa mahali asipopafikia. Juu ya hayo, mizani ilikuwa ya mnunuzi.

Ukiwahi kuuza mahindi au maharagwe kwa mlanguzi aliyekuja na mizani yake kwenye pikipiki, hauhitaji maelezo zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Musazi na wenzake waliunda Uganda African Farmers' Union, umoja wa wakulima Waafrika. Njia yao ilikuwa ya kawaida kabisa. Wanachama walitoa mchango. Pamba yao hawakuipeleka kwa mnunuzi, waliikusanya katika maghala yao wenyewe. Kisha umoja ukaomba pamba hiyo ichambuliwe kwa malipo, ili nyuzi na mbegu zibaki mali ya wakulima na waziuze wenyewe. Serikali ilikataa. Pamba ikakaa maghalani, watu wakabaki bila fedha, na msimu ukapita.

Mtu akivumilia msimu mzima bila kuuza mazao yake, ujue anamwamini sana aliyemwomba afanye hivyo. Kwa maoni yetu, uaminifu huo, uliojengwa kijiji kwa kijiji kupitia jambo linalogusa tumbo, ndio mtaji mkubwa aliokuwa nao Musazi maisha yake yote. Hotuba zilikuja baadaye.

Tarehe 25 Aprili 1949 umati ulikusanyika Mengo. Wajumbe wachache walipokelewa na Kabaka Mutesa II, ambaye alikuwa kijana wa miaka 24. Walidai watu wapewe nafasi ya kuchagua machifu, wawakilishi 60 wawe wa kuchaguliwa katika Lukiiko, yaani baraza la Buganda, mawaziri wa Mengo waondoke, na wakulima waruhusiwe kuchambua pamba yao na kuuza mazao yao watakako. Hawakupata jibu walilolitaka. Umati ulipoamriwa kutawanyika, ghasia zikaanza. Nyumba za machifu zilichomwa, watu waliuawa, mamia walikamatwa. Serikali ilipiga marufuku umoja wa wakulima pamoja na Bataka, chama kilichokuwa kikitetea haki za koo juu ya ardhi. Tume ya Sir Donald Kingdon ilichunguza, na ripoti yake ya mwaka 1950 iliweka lawama juu ya viongozi wa vyama hivyo viwili.

Sasa tazama kilichofuata. Mwezi wa Machi 1953 gavana mpya, Andrew Cohen, na Kabaka walikubaliana kwamba wajumbe 60 kati ya 89 wa Lukiiko wawe wa kuchaguliwa. Ni idadi ile ile iliyotajwa kwenye lango la ikulu miaka minne kabla. Cohen pia alifungua njia ya vyama vya ushirika vya Waafrika kumiliki vinu vya pamba. Waliochomewa nyumba na waliofungwa hawakurudishiwa kitu, lakini madai mawili makubwa ya mwaka 1949 yalikuwa yamejibiwa nusu, na mtu wa haki atasema kwamba yasingejibiwa kama watu wangebaki makwao.

Chama chenye matawi

Baada ya marufuku Musazi alikwenda London. Huko alipata rafiki, mbunge Fenner Brockway, aliyekuwa akipinga ukoloni waziwazi. Kupitia uhusiano huo Mmarekani kijana, George Shepherd, alikuja Uganda mwaka 1951 kumsaidia Musazi kuendesha shirikisho jipya la wakulima lililochukua nafasi ya umoja uliopigwa marufuku. Shirikisho lilikuwa na wanachama wengi na fedha chache, na hesabu zake zilimpa shida kila aliyejaribu kuzisimamia.

Lakini lilikuwa na kitu ambacho chama chochote kingelitamani, nacho ni watu waliokwisha kujuana nje ya Buganda. Pamba ililimwa Busoga, Teso na Lango pia. Mkulima wa Lira na mkulima wa Wobulenzi hawakusikilizana lugha, lakini malalamiko yao kuhusu bei yalikuwa yale yale.

Tarehe 2 Machi 1952 Uganda National Congress ilizaliwa, Musazi akiwa rais wake. Katibu mkuu alikuwa Abu Mayanja, mwanafunzi wa Makerere, Mwislamu, kijana mwenye ulimi mkali. Chama kilidai Uganda ijitawale, na watu wa makabila yote wawe kitu kimoja. Matawi yalifunguliwa wilaya kwa wilaya. Kule Lango, Yekosofati Engur alikuwa nguzo ya chama. Kule Acholi alikuwako Otema Allimadi, ambaye miaka mingi baadaye aliwahi kuwa waziri mkuu wa Uganda. Matawi hayo hayakungoja amri kutoka Kampala. Yalishughulika na mambo ya kwao: chifu aliyezidisha kodi, ardhi iliyochukuliwa, baraza la wilaya lililojaa watu wa kuteuliwa. Makao makuu mara nyingi yalikuwa dhaifu kuliko matawi, na hilo lilikiokoa chama mara kadhaa.

Hapa tuweke jambo moja wazi, kwa kuwa baadhi ya wasomaji wetu hutuuliza. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 haimruhusu mkimbizi kushiriki siasa za nchi, iwe ngazi ya kijiji au ya taifa. Kama una hadhi ya mkimbizi, usichukue kadi ya chama wala usipande jukwaa la kampeni. Sheria hiyo hiyo inakuruhusu kujiunga na vyama visivyo vya siasa na visivyo vya faida, pamoja na vyama vya wafanyakazi. Katika makazi una pia haki ya kuchagua na kuchaguliwa katika kamati za ustawi wa wakimbizi, zile tunazoziita RWC. Wewe raia mwenyeji una mlango mpana zaidi: LC1, chama chako, na kura yako. Nusu ya kwanza ya maisha ya Musazi, ile ya mizani na ghala, iko wazi kwenu nyote wawili.

Kabaka anaondolewa

Tarehe 30 Novemba 1953 Cohen alimkamata Kabaka Mutesa na kumsafirisha Uingereza siku hiyo hiyo. Ugomvi ulikuwa umeanzia katika hotuba iliyotolewa London mwezi wa Juni, iliyogusia uwezekano wa shirikisho la Afrika Mashariki. Waganda waliogopa yasije yakawapata ya Kenya, walowezi wakapewa nchi. Kabaka alidai Buganda itenganishwe na sehemu nyingine za Uganda, akakataa kurudi nyuma.

Congress ikajikuta katika mtihani mgumu. Chama kilitaka Uganda moja. Kabaka alikuwa amedai Buganda peke yake. Hata hivyo, mgeni alikuwa amemchukua mfalme wa watu usiku mmoja, na hasira ilifika hata kwa watu wa kaskazini ambao Kabaka hakuwa mfalme wao. Musazi alichagua kumtetea. Mwaka 1954 chama kiliitisha mgomo wa kutonunua katika maduka ya wasio Waafrika, na serikali ikatangaza hali ya hatari Buganda. Tarehe 17 Oktoba 1955 Mutesa alirudi, na umati uliompokea haukuwahi kuonekana Kampala kabla ya siku hiyo.

Ungedhani Congress ingevuna. Mambo yakawa kinyume. Kabaka alirudi akiwa na nguvu kuliko alivyoondoka, na wakubwa wa Mengo hawakuona tena haja ya chama. Katikiro mpya, Michael Kintu, na Lukiiko yake waliviona vyama vya siasa kuwa wapinzani wa kiti cha Kabaka. Mwanachama wa Congress katika kijiji cha Buganda, aliyekuwa shujaa mwaka 1954, sasa aliulizwa kama anajiona yuko sawa na Kabaka. Ni swali gumu kulijibu mbele ya majirani.

Tuseme pia kuhusu ile migomo ya maduka. Ule wa mwaka 1954, na mwingine mkubwa zaidi wa mwaka 1959 ulioongozwa na Augustine Kamya wa Uganda National Movement, ambao Musazi naye alijiunga nao, ililenga wenye maduka wa Kiasia. Malalamiko juu ya biashara yalikuwa ya kweli. Lakini mfumo wa leseni ulitungwa na serikali, na aliyevunjiwa duka alikuwa mara nyingi muuza chumvi na mafuta ya taa katika kituo kidogo cha biashara. Waafrika walionunua kwake nao walitishwa, wengine wakakatiwa migomba yao. Hatuoni njia ya kuipamba sehemu hii. Jamii yoyote inayoishi na wageni inajua hasira ya bei inavyoweza kumwangukia jirani badala ya mpanga bei.

Chama kinapasuka

Ndani ya Congress manung'uniko yalikuwa yameanza zamani. Vijana wasomi walimlalamikia Musazi kwa namna alivyoendesha chama na fedha zake, na kwamba aliamua mengi peke yake. Mwaka 1957 baadhi yao waliondoka na kuunda chama chao. Watu wa nje ya Buganda walilalamika kwamba viongozi wa juu karibu wote walikuwa Waganda, tena Waprotestanti waliosoma Budo. Walikuwa na hoja.

Mwezi wa Oktoba 1958 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa moja kwa moja wa wajumbe Waafrika wa Baraza la Kutunga Sheria. Mengo ilikataa Buganda kushiriki. Kwa hiyo viti vya Congress vilitoka kwa matawi ya mbali, yale yaliyokuwa yakifanya kazi kimya kimya. Lango iliwakilishwa na Milton Obote, aliyekuwa amerudi kutoka Kenya na kupandia katika tawi la kwao. Musazi, baba wa chama, alikuwa mtu wa Buganda. Hakuwa na kiti.

Mwaka 1959 chama kikagawanyika, upande mmoja Musazi, upande mwingine Obote na Mayanja. Mwezi wa Machi 1960 kundi la Obote liliungana na wabunge wengine na kuunda Uganda People's Congress. Katika uchaguzi wa mwaka 1961 jina la kale la Uganda National Congress liliambulia kiti 1. Tarehe 9 Oktoba 1962 Uganda ilipata uhuru, na waziri mkuu alikuwa Obote, mtoto wa tawi la Lango.

Watu wengine husimulia hapo kana kwamba Musazi alishindwa. Sisi tunaona hesabu si rahisi hivyo. Chama chake kilikufa, lakini karibu kila aliyegombania Uganda katika miaka ile ya uhuru alikuwa amepita katika matawi yake, au alijifunza kwa kuyapinga.

Kilichotokea Mengo baadaye unakijua, au umekisikia. Tarehe 24 Mei 1966 Obote aliamuru jeshi, chini ya Idi Amin, kuishambulia Lubiri. Kabaka Mutesa aliruka ukuta, akavuka mpaka, akafika Burundi na hatimaye London. Mfalme akawa mkimbizi. Alifia huko mwaka 1969. Obote mwenyewe alipinduliwa na Amin mwaka 1971, na yeye akakimbilia Tanzania.

Musazi aliishi kuyaona yote hayo. Aliona pia vyama vya ushirika vikikua hadi kumiliki vinu, malori na maghala, kisha vikaporomoka pamoja na nchi katika miaka ya Amin na vita vilivyofuata. Bulemezi, nyumbani kwake, ilikuwa ndani ya eneo la Luweero lililoteketea katika vita vya 1981 hadi 1986. Alifariki mwaka 1990 akiwa na miaka 85. Serikali ilimpa heshima ya shujaa wa taifa, na akazikwa Kololo, kilima ambako bendera ya Uingereza ilishushwa usiku wa kuamkia uhuru.